Ringi Iliyokosekana kwenye Shokapu

Mhezi, Same

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umekaa barazani na miguu haikusumbui sana, na kwamba mikorosho imetoa maua bila ule ugonjwa wa unga uliotumaliza msimu uliopita. Mimi ni mzima. Mjukuu wako Neema naye ni mzima, ameng'oka meno ya mbele na sasa anaongea Kipare kunishinda, akinisema na wenzake mbele yangu mimi nabaki natabasamu tu. Baridi imeshika. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na nguo nikianika leo nazianua kesho zikiwa bado mbichi.

Baada ya salamu, mama, nakuambia ukweli: nimekasirika. Nimewakasirikia watu wa huku, na wewe pia nimekukasirikia. Najua mtoto hamwandikii mzazi wake maneno kama haya, lakini kuyameza nimeshindwa. Nimekupigia simu zaidi ya mara moja, na kila mara unanikatiza: "Nyamaza mwanangu, yameshaisha, mimi nimeshawaomba radhi." Basi nimechukua karatasi, maana karatasi huwezi kuikatiza. Kuna mwalimu wa hapa anahamia Masasi, ameniahidi atakupa mkononi. Macho yakikataa, mdogo wangu Fidelis akusomee, ila asiruke mstari hata mmoja.

Mama, uliomba radhi ya nini?

Baba mdogo wa mume wangu Eli alikupigia akakwambia mwanao amemwangusha mama mkwe wake na pikipiki, amemvunja mkono, kwa sababu ya mbio na kiburi. Ukajibu, "Mtusamehe sana, Veronika tangu mdogo ni mkaidi." Nilikusikia kwa masikio yangu. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu katikati ya kikao, na watu wazima wote waliokuwa pale wakatikisa vichwa, kwamba hata aliyemzaa anamjua. Hukuuliza, "Na yeye mwenyewe anasemaje?" Hukuuliza hata kama nami nimeumia. Nilikuwa nimechubuka kuanzia kwenye nyonga mpaka kwenye goti, nimekaa upande mmoja wa matako kama kuku anayeatamia, namsikiliza mama yangu akinihukumu kutoka Masasi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Pikipiki hiyo unajua nilivyoipata, kwa tangawizi na maharage yangu, hakuna aliyenisaidia. Mume wangu ni fundi wa kujenga, kazi yake leo ipo na kesho haipo. Pikipiki ndiyo inayotulisha. Nashusha mazao ya majirani Same, napandisha sukari, sabuni, vifaranga, na mgonjwa akiwepo nampeleka. Njia ya kutoka huku milimani ni mteremko na kona juu ya kona, changarawe tupu, ukiteleza chini kuna mashamba ya migomba ya watu. Huwezi kwenda na chombo kibovu.

Mvua zilipoisha nikaona shokapu za mbele zinavuja. Yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele yana mafuta ndani, na kinachoyazuia yasitoke ni sili, mpira mviringo unaokaa mdomoni mwa bomba. Sili ikichoka, mafuta yanapanda na kushuka na bomba mpaka yanachuruzika. Upande mmoja si neno sana. Lakini upande wa diski ya breki ni hatari, kwa sababu mafuta yakifika kwenye diski, breki inashika kama mtu anayeshika samaki.

Nikamwambia Eli, "Nitazibadilisha mwenyewe. Kwa mjomba Hilari niliziona zikibadilishwa mpaka nikachoka." Wewe unajua, mama. Ni wewe uliyekuwa unanifuata na ufito pale gereji kwa mjomba, ukisema nitanuka grisi, nani atanioa. Bwana harusi nimempata, na grisi haikumkimbiza.

Ila mdogo wake Eli, shemeji yangu Mbazi, akadakia. Huyu Mbazi anashinda Same na madereva wa bodaboda, anajiona yeye ndiye mwenye pikipiki zote za wilaya. Akasema, "Shemeji, mwanamke hafungui shokapu. Watu wakikuona uani umekaa chini na spana watatucheka sisi. Nina rafiki yangu fundi pale Same, lete niipeleke." Nikakataa. Akaenda kwa kaka yake. Eli akaniambia, "Mpe tu, tusigombane kwa ajili ya mpira." Nikampa.

Ikarudi jioni ileile. "Imepona hiyo," anasema Mbazi. Nikaiangalia, juu ilikuwa safi. Ule mfuniko wa mpira unaozuia vumbi ulikuwa umekaa vizuri mahali pake, na chini yake huwezi kuona kitu bila kuufungua. Nikaamini.

Kesho yake mama mkwe wangu alikuwa na siku yake ya kliniki Same, kwa ajili ya presha. Mama huyu si mtu wa maneno mengi. Yeye ni mtu wa kanisani, Mlutheri asiyekosa ibada hata moja, na tangu nimekuja amekuwa akinipa heshima yangu kwa mbali kidogo, kama mtu anayemshikia mgeni kikombe. Alipanda nyuma, akakunja kitenge chake vizuri, akashika chuma cha nyuma. Hakunishika mimi.

Mteremko wa kwanza breki ilishika. Wa pili nikahisi nauvuta mkono wa breki kwa nguvu zaidi. Tulipofika kwenye kona moja kali iliyochongwa mlimani, nikabana breki ya mbele na hakuna kitu, mama, hakuna kabisa, kama nimebana hewa. Nikapiga kelele, "Mama, breki haishiki! Nishike mimi!" Nikakanyaga ya nyuma. Gurudumu la nyuma likafunga juu ya changarawe, likatupita. Nikailaza upande wa mlima, kwenye mtaro, maana upande wa pili ulikuwa korongo. Sikuwa na mbio. Ningekuwa na mbio tusingeandikiana leo.

Mama mkwe alianguka juu ya mkono wake. Nilisikia ule mlio. Nikamfunga kwa kanga yangu, nikasimamisha gari la watu waliokuwa wanashuka na viazi, wakambeba. Kabla sijapanda nikarudi kuiangalia pikipiki. Nikapitisha kidole kwenye diski. Kilitoka kinang'aa mafuta. Yalikuwa yamemwagika mpaka kwenye tairi, mfuniko wa vumbi umeinuka, na sili imechungulia nje.

Nikampigia Mbazi aje aichukue, na nikamwambia wazi, "Usiiguse. Usiifute. Nataka kaka yako aione kama ilivyo."

Tuliporudi jioni, mama mkwe ana plasta mpaka kwenye kiwiko, nikaikuta pikipiki uani inameta. Ameipeleka mtoni. Ameiosha kwa sabuni ya unga na brashi, mpaka kwenye spoki, na mfuniko wa vumbi ameurudisha mahali pake. Nikamuuliza, "Mbazi, nilikwambia nini?" Akanijibu kwa upole kabisa, watu wote wakisikia, "Shemeji, bado una mshtuko. Nenda kapumzike."

Huo upole wake ndio uliniudhi kuliko tusi.

Kikao kikaitwa. Baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo hapa, baba yake Eli alishafariki. Nikaeleza. Nikasema mafuta yalikuwa kwenye diski. Mbazi akasema hakuna mafuta, kila mtu aende aangalie. Wakaenda wakaangalia pikipiki iliyooshwa. Nikamgeukia mama mkwe, "Mama, wewe si ulinisikia nikisema breki haishiki?" Alikuwa amekaa na mkono wake umelala mapajani kama mtoto. Akaangalia chini, akasema, "Kulikuwa na upepo. Sikusikia kitu."

Eli alikuwa amekaa karibu nami. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo ndipo ulipopigiwa simu, na hapo ndipo ulipoomba radhi. Baada ya maneno yako hapakuwa na la kuongeza. Baba mdogo akatoa uamuzi: pikipiki iendeshwe na Mbazi, aniletee kidogo kila wiki, mimi nikae nyumbani nimwuguze mama. Yaani aliyeiharibu ndiye akabidhiwe. Na niliyeinunua nioshe vyombo. Nikawaambia, "Ufunguo ninao mimi, na hautoki." Wakasema, "Mnaona? Hata mama yake amesema."

Mama, nimemwuguza yule mama. Nimemwogesha, nimemsuka, nimemlisha makande kwa kijiko kama nilivyomlisha Neema. Sikumnyima kitu. Lakini kila nikikausha mgongo wake nilikuwa najiuliza, hivi kweli hukusikia?

Nikangoja mpaka maumivu ya nyonga yapungue. Halafu siku ya soko nikashuka Same kununua vifaa.

Nilikuwa nimeshaamua ninachotaka, na nisichotaka pia. Nikaingia kwenye duka la vipuri la mzee mmoja, Mzee Shabani, pale karibu na soko. Nikamwamkia. Akauliza kama nimetumwa. Nikamwambia sijatumwa na mtu, nataka kubadilisha sili za shokapu nyumbani. Akashusha sanduku la plastiki, ndani spana na bisibisi zimepangwa zinang'aa kama vijiko vya harusi. "Chukua hili, mwanangu, lina kila kitu. Mumeo atafurahi."

"Mume wangu anajua matofali, mzee. Hilo sanduku halina ninachotaka."

"Unataka nini ambacho humu hakimo?"

Nikamwambia nataka elenki, ile spana ya pembe sita, lakini iwe ndefu na ngumu, ya kufungua bolti iliyojificha chini kabisa ya shokapu. Zilizokuwa kwenye sanduku zilikuwa fupi na laini. Ukiivuta inajizungusha, inakula kichwa cha bolti, na bolti ikishaliwa umekwisha. Akanitolea moja. Nikaikwaruza na msumari, ikaachia unga. Nikairudisha. Ya pili ikakataa msumari. Hiyo nikaichukua.

Akaniletea bisibisi bapa, kubwa, ya kung'olea sili. Mama, nilihisi damu inapanda. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo iliyomvunja mkono mama mkwe wangu." Hakunielewa, na sikumlaumu, maana hakuiona alama ya bisibisi niliyoiona pembeni ya sili iliyochungulia. Bisibisi ukiitumia kung'oa sili bila kuweka kitu chini yake, inachana ule mdomo wa chuma ambamo sili mpya inatakiwa kukaa. Nikachagua kulabu, chuma kilichopindwa ncha yake ikawa butu, cha kuvuta sili kwa chini bila kukwaruza. Nikachukua koleo jembamba la kutolea ringi, ringi mpya mbili za kushikilia sili, pedi mpya za breki, msasa laini sana, na mafuta yenyewe ya shokapu. Alitaka kunipa ya injini, akisema yote ni mafuta. Yote ni mafuta hata ya kupikia, nikamwambia, lakini hayo siweki.

Sili zenyewe nilizichagua kwa kusoma. Nilikuwa nimenakili namba zilizochapwa kwenye ile iliyochungulia. Akasema zote za pikipiki hizi ni sawa. Nikazipima moja juu ya nyingine mbele yake, moja ikawa nene kuliko mwenzake. Akaenda kuzitafuta zinazolingana.

Kifaa cha kugongea sili iingie hakuwa nacho, na hata angekuwa nacho kingeniumiza mfuko bure. Nikaenda kwa wauza mabomba ya maji, nikachagua kipande cha bomba la plastiki gumu ambalo upana wake unakaa juu ya ukingo wa sili bila kugusa mdomo wake wa ndani. Nikamwambia muuzaji alikate liwe nyoofu kabisa. Likikatwa mshazari, sili inaingia upande, na sili iliyoingia upande haijaingia. Mwisho nikapita duka la dawa nikanunua bomba kubwa la sindano, la kupimia mafuta yawe sawa kila upande. Mwuza dawa akaniuliza namdunga nani. Nikamwambia pikipiki. Hata yeye alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nami nilicheka.

Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, nikakaa katikati ya ua. Nilitaka wanione, na wakicheka wacheke. Nikaegemeza injini juu ya gogo, nikaufunga usukani kwa kamba kwenye nguzo ya banda, gurudumu la mbele likaning'inia. Bolti za chini nilizilegeza kwanza kabla ya kutoa gurudumu, kama alivyokuwa akifanya mjomba, kwa kuwa shokapu ikishatoka kwenye pikipiki bolti hiyo inazunguka pamoja na bomba la ndani na haitoki tena. Majirani walipita, wakasimama, wakapita. Mama mkwe alitoa kigoda chake akakaa mlangoni na plasta yake, akitazama.

Nikaanza na upande wa diski. Nikatoa ule mfuniko wa vumbi. Chini ya mfuniko, mama, juu ya sili, panatakiwa kuwa na ringi ya waya mgumu, inakaa kwenye kijifereji kilichochongwa kwa ajili yake. Kazi yake ni moja tu, kuzuia sili isipande ikisukumwa na mafuta.

Ringi haikuwepo.

Nikafungua upande wa pili. Huko ipo. Nikarudi upande wa diski, nikapitisha kidole kwenye kile kijifereji kizima. Kitupu. Kumechimbwa na bisibisi mikwaruzo miwili mirefu, na hakuna ringi. Yule fundi aliifungua, ikamruka, ikapotea, akafunika na mfuniko juu ili isionekane.

Nikamwita Eli. Ni mtu wa kujenga, anajua kitu kinachoshikilia kingine. Nikamwekea zote mbili mkekani, yenye ringi na isiyo nayo. Aliangalia muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Basi weka ringi mpya, Mama Neema, tufunge, yaishe."

Mama, nilisimama na kulabu mkononi. Nikamwambia, "Yaishe? Mimi nimeitwa mtu wa mbio na kiburi nyumbani kwako. Mama yangu ameomba radhi kwa kosa ambalo ukilitafuta liko ndani ya kijifereji hiki. Yataishaje bila mtu kusema lilikuwa la nani?"

Hapo mama mkwe akainuka kwenye kigoda. Akaja akainama, akaniuliza, "Hiyo ringi ilitakiwa kukaa wapi?" Nikamshika kidole chake cha mkono mzima, nikakiweka kwenye kijifereji cha upande wenye ringi, akaigusa. Kisha nikakihamishia upande wa pili. Akakizungusha. Akakirudisha tena. Alibaki amesimama pale.

Mbazi naye, kama kaletwa, akatokea kwa njia ya nyuma. Akaona mkeka, akaona shokapu ziko wazi. Nikamwonyesha. Nilitegemea atakataa. Labda alichanganyikiwa kwa kuwakuta wote, maana alisema, "Aah, hiyo. Fundi aliniambia upande mmoja unaweza kwenda bila ringi. Alisema ni kitu kidogo, akipata nyingine ataweka."

Eli akainua uso. Lilikuwa limesemwa.

Mama mkwe akamgeukia. "Mbazi. Nilipopanda asubuhi ile, wewe si ulikuwa umesimama hapa hapa? Si ndiye uliyenishikia mkoba nikipanda?"

"Mama, sikudhani..."

"Ulikuwa unajua, na ukanishikia mkoba."

Mama mkwe akaingia ndani akafunga mlango. Tulimsikia akilia, na Mbazi akaondoka kwa njia ileile aliyokuja nayo. Hajalala hapa tena, yuko Same kwa wenzake. Eli alikaa chini mkekani kando yangu, akaniuliza, "Nishike wapi?" Nikamwambia ashike bomba lisimame wima. Hilo tu. Nilipiga msasa mikwaruzo ile mpaka kidole kikawa hakikwami, nikavika ncha ya bomba mfuko wa nailoni ili isichane mdomo wa sili, nikaipaka mafuta, nikaishusha, nikaweka kile kipande cha bomba la maji juu yake na kugonga taratibu mpaka mlio ukabadilika ukawa wa kitu kilichofika. Ringi ikaingia mahali pake ikalia ta! Nikaisafisha diski, pedi zilizokunywa mafuta nikatupa, nikafunga mpya. Nikashuka nayo peke yangu na kupanda, kona zote. Ilishika.

Unadhani nikaombwa radhi? Baba mdogo alipoambiwa alikuja, akakohoa, akasema mambo ya ndani yabaki ndani, na mimi kama mwanamke mwenye busara nisiyarushe nje. Nikamjibu kwa heshima, "Baba, mliponilaumu mlipiga simu mpaka Masasi. Huko si nje?" Akanywa chai yake akaondoka.

Mama mkwe naye alikaa siku nyingi bila kuongea nami wala na mtu. Alikuwa anamtumia Mbazi makande kwa watu wanaoshuka. Iliniuma, lakini ni mwanawe.

Juzi ilikuwa siku ya kutoa plasta. Nilikuwa nimeshamwambia Eli atafute gari. Asubuhi nikamkuta mama mkwe amesimama kando ya pikipiki, amevaa vizuri, mkoba begani. "Nisaidie kupanda," akasema. Na mkono wake mzima akauzungusha kiunoni mwangu, akanibana.

Walipotoa plasta mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka kama ganda la muhogo. Tulipotoka hospitali akasema, "Nipeleke kwa huyo fundi." Nikamwambia mama haina maana. "Nipeleke."

Tukamkuta kijiweni kwake, kijana mchangamfu tu, anapiga mluzi. Mama mkwe alishuka, akamsogelea, akakunja mkono wa blauzi, akamnyooshea ule mkono usoni. "Kijana, wewe ndiye uliyesema ringi ni kitu kidogo?" Yule kijana akatuangalia sote wawili, mluzi ukakatika. "Mama, zile ringi huwa zinapotea tu..." "Ushike," akamwambia. "Ushike huu mkono." Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Akaushika kwa vidole viwili kama unaunguza. "Hicho ndicho kitu kidogo chako. Mwanamke huyu alikitafuta akakikosa, na ndiye mliyemwambia hajui." Akashusha mkono wa blauzi, akarudi akapanda.

Tukapandisha mlima mpaka kwenye ile kona ya ajali. Akanigusa bega nisimame. Nikazima injini. Akaangalia mtaro, akaangalia korongo, halafu akasema akiwa bado nyuma yangu, sikuwa naona uso wake:

"Siku ile nilikusikia. Ulisema breki haishiki, nikushike wewe. Nilisikia vizuri. Kwenye kikao niliona nikisema hivyo, lawama itamwangukia Mbazi. Nikakuachia wewe uibebe. Nisamehe, mwanangu."

Nililia pale barabarani, mama, na hasira haikuisha. Ilipungua, lakini haikuisha. Jioni hiyo aliwaita baba mdogo na Eli, akayarudia maneno yaleyale mbele yao, na akasema pikipiki ni ya Mama Neema na asiitaje mtu. Eli aliniomba radhi baada yake, na alisema kwa kinywa, si kwa kuangalia viatu.

Kwa hiyo nisikilize. Mwenye mkono uliovunjika ameniomba radhi. Mume wangu ameniomba radhi. Aliyebaki ni wewe uliyenizaa, na ndiye unayeniuma zaidi. Sitaki unitumie mtu, wala usiniambie yaishe. Mpigie baba mdogo, umwambie ulisema bila kuniuliza, na kwamba maneno uliyoyasema juu yangu umeyaondoa. Ukishafanya hivyo nipigie na mimi. Nitapokea hata kama niko njiani, nitasimama pembeni.

Nisalimie baba mkubwa, mwambie kikohozi chake asikipuuze. Msalimie mjomba Hilari pale gereji, umwambie kila alichonionyesha sikukisahau, na usimfukuzie watoto wa kike wanaokwenda kuangalia. Fidelis nimemnunulia sweta, ingawa huko kwenu atalivaa lini sijui. Bibi yetu mzaa baba umshike miguu kwa niaba yangu, na jirani yetu mama wa vitumbua umwambie nimekumbuka vitumbua vyake kuliko kitu kingine chochote cha Masasi. Mama mkwe anakusalimu pia. Amesema akipata nafuu ya mkono atakuja mwenyewe akuone.

Nakupenda mama, na bado nimekasirika. Vyote viwili ni vya kweli.

Ni mimi mwanao,
Veronika, Mama Neema